Sifa Bila Ikulu: Lugha na Mtindo wa Sifo katika Pwani ya Mtwara na Bonde la Chini la Ruvuma

1.0 Utangulizi

Mtu anayeanza kujifunza ushairi simulizi wa Kiafrika hukutana mapema na izibongo za Wazulu, lithoko za Wasotho, oriki za Wayoruba na, hapa kwetu, vivugo vya Wahaya. Mifano hiyo imechunguzwa kwa kina. Finnegan (1970) aliipa sura nzima katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika. Cope (1968) alihariri izibongo, na Damane na Sanders (1974) wakahariri lithoko. Nyingi ya tungo hizo zina mandhari yanayofanana: yupo mtawala au shujaa anayesifiwa, yupo fanani anayetambulika kwa kazi yake, na lipo jukwaa la mamlaka ambamo sifa hutolewa. Kutokana na mandhari hayo imejengeka, pengine bila kukusudiwa, dhana kwamba sifo ni fasihi ya ikulu, na kwamba pasipo ikulu hapana sifo.

Makala haya yanaihoji dhana hiyo kwa kuutazama ukanda mmoja ambao hautajwi sana katika mijadala ya sifo, nao ni Mtwara, kuanzia Mikindani na Msimbati hadi mlango wa mto Ruvuma, pamoja na nyanda za juu za Wamakonde zinazoutazama ukanda huo. Hoja yetu ni kwamba katika eneo hili sifo zipo, tena zenye ufundi mkubwa wa lugha, ila hazikusimama peke yake kama utanzu. Zimekaa ndani ya majina, ndani ya nyimbo za jando na unyago, na ndani ya mwitikio wa ngoma. Kwa kuwa vigezo tunavyovitumia kuainisha tanzu vilichongwa kutokana na mifano ya ikulu, vigezo hivyo huzipita sifo hizi bila kuziona.

Ni vema tutanabahishe mapema kwamba mistari ya kishairi itakayotolewa humu tumeiunda wenyewe, kwa Kiswahili, ili kufafanua mbinu inayojadiliwa. Si nukuu ya utungo wa mtu yeyote wala haikukusudiwa kushika nafasi ya data ya uwandani.

2.0 Tatizo la Uainishaji

Katika uainishaji uliozoeleka katika taaluma ya Kiswahili tangu makala ya Mulokozi ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, ushairi simulizi hugawanywa katika nyimbo na maghani. Sifo, pamoja na vivugo au majigambo, huwekwa chini ya maghani, yaani tungo ambazo hutolewa kwa kalima, nusu kusema na nusu kuimba. Nyimbo, kwa upande wake, huainishwa zaidi kwa kufuata shughuli: za kazi, za harusi, za jando, za unyago, za mazishi na kadhalika.

Mgawanyo huu una manufaa makubwa na hatuna nia ya kuubeza. Hata hivyo, una tokeo moja ambalo halijatiliwa maanani vya kutosha. Sifo inayoghanwa huitwa sifo. Sifo inayoimbwa hupewa jina la shughuli ambamo imeimbwa. Mkusanyaji akirekodi Newala au Tandahimba wimbo wa kumpokea kijana aliyetoka jandoni, naye kijana akatajwa kwa majina ya wajomba zake na kufananishwa na mnyama, mti au silaha, atauandika katika fungu la nyimbo za jando na kazi itakuwa imekwisha. Kigezo cha namna ya uwasilishaji kitakuwa kimeificha kazi ya utungo.

Wenzetu wa Afrika ya Magharibi wamekwisha kutuonyesha njia. Barber (1991), katika utafiti wake wa mji wa Okuku, alidhihirisha kwamba oriki si mali ya wafalme tu: zina koo, zina watu wa kawaida, na wanawake ni miongoni mwa wafanani wake wakuu. Kinachozifanya kuwa oriki ni namna zinavyomkusanyia mtu majina na kumwita kwa majina hayo. Cheo cha anayesifiwa si sharti. Tukikubali msingi huu, swali letu kuhusu Mtwara hubadilika. Badala ya kuuliza "yuko wapi mshairi wa mfalme?", tutauliza "mtu hukuzwa kwa maneno gani, na nani mwenye haki ya kuyatamka?"

3.0 Jamii na Mazingira

Wamakonde hawakuwa na ufalme mmoja. Liebenow (1971) alieleza jinsi mamlaka yalivyotawanyika katika makazi mengi madogo, kila moja likiwa na mkuu wake, na jinsi tawala za kikoloni zilivyopata taabu ya kutafuta machifu mahali ambapo hawakuwapo. Nasaba ilifuatwa kwa upande wa mama, hivyo mjomba alikuwa nguzo ya heshima ya mtu. Nyanda zenyewe ni kavu: watu walijenga juu, kwenye usalama wa vichaka, na kuteremka mabondeni kuteka maji. Jirani zao walikuwa Wamakua, Wayao na Wamwera, na pwani walikuwapo Wamaraba na Waswahili waliozungumza lahaja ambayo Sacleux aliiorodhesha kwa jina la Kimgao.

Ukanda huu haukuwa kisiwa. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, walishambulia makazi ya misheni ya Masasi yaliyoanzishwa mwaka 1876. Wangoni walikuwa wabebaji wa mapokeo ya izibongo kutoka kusini, kwa hiyo katika mkoa huu mmoja zilikutana jamii zenye fanani wa mtawala na jamii zisizokuwa naye. Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, na baada ya vita vya kwanza vya dunia eneo hilo likawa chini ya Wareno. Mpaka ukapita katikati ya watu wa lugha moja, lakini nyimbo ziliendelea kuvuka mto.

Ushahidi wa kale wa uimbaji wa eneo hili upo. Mwaka 1906, wakati majeraha ya Vita vya Maji Maji yalikuwa bado mabichi, Karl Weule wa Leipzig alizunguka Lindi, Masasi, Newala na Mahuta akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1908, na kutafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner mwaka 1909, kinaeleza uimbaji wa kiongozi na waitikiaji, na kinamtaja kwa jina fanani kipofu wa Masasi, Sulila. Weule alikuwa mtu wa dola ya kikoloni na maoni yake mengi hayakubaliki leo. Pamoja na hayo, kumbukumbu yake yathibitisha kwamba fanani mwenye jina lake alikuwapo kusini, hata kama hakuwa na mfalme wa kumsifu.

4.0 Lugha na Mtindo

4.1 Jina kama utungo

Kiini cha sifo kokote Afrika ni lakabu. Katika ukanda tunaoujadili, jambo hili hupata nguvu kutokana na jando na unyago, kwa kuwa mwali hutoka na jina jipya na jina la utotoni huachwa. Jina jipya ni utungo mfupi wenye kumbukumbu, matarajio na, wakati mwingine, onyo. Sifo ndefu ni jina hilo likifunguliwa. Tuchukue mfano tuliouunda, wa mzee wa nyanda za juu anayeitwa Kisima cha Juu:

Kisima cha Juu, asiyekauka kiangazi;
Kisima cha Juu, asiyeuza maji;
Kisima cha Juu, kamba yake fupi kwa wageni.

Mahali ambapo maji hufuatwa bondeni, kisima kilichoko juu ni muujiza. Sitiari hii haihitaji maelezo kwa hadhira yake, ilhali kwa msomaji wa mbali itaonekana ya kawaida mno. Hapa ndipo tunapoona kwamba uzito wa taswira katika sifo hupimwa kwa jiografia na historia ya wanaosikiliza.

4.2 Upatanisho wa kisarufi

Tazama tena kitenzi katika mstari wa kwanza. Kisarufi tungetazamia "kisichokauka", kwa kuwa kisima ni cha ngeli ya KI-VI. Fanani amesema "asiyekauka". Upatanisho wa viumbe hai umetangaza kwamba kisima kimekwisha kuwa mtu. Sitiari imegeuka kuwa jina. Lugha za Kimakonde, Kiyao na Kimakua nazo, kama Kiswahili, ni za Kibantu zenye ngeli, kwa hiyo uwezekano wa mchezo huu umo ndani ya muundo wake.

Uwezekano huo una upande wa pili. Fanani akitaka kumshusha mzee yule, atasema "Kisima cha Juu, kilichokauka juzi". Hajatamka tusi lolote. Amerejesha upatanisho wa kitu, na kwa Kiswahili kiambishi ki- kina pia harufu ya udogo na udhalilishaji. Kiambishi kimoja kimemvua mtu utu wake mbele ya watu. Kwa sababu hiyo mchunguzi wa sifo anayefanya kazi kwa tafsiri peke yake, bila matini ya lugha asili, amekwisha kupoteza nusu ya hoja.

4.3 Urejeshi na usambamba

Mistari mitatu hiyo ina muundo uleule: jina, kisha maelezo ya urejeshi au ya umiliki. Katika sifo za wafalme wa Kizulu, jina hufuatwa mara nyingi na nasaba ya baba. Shaka huitwa kwa baba yake Senzangakhona. Katika jamii zinazofuata ukoo wa mama, nafasi hiyo hutazamiwa kushikwa na mjomba na bibi mzaa mama, na "mpwa wa fulani" huwa na uzito kuliko "mwana wa fulani". Mtafiti anayetafuta majina ya baba katika nyimbo za kusini atayakosa, naye aweza kuhitimisha kwa haraka kwamba nasaba haitajwi.

Usambamba nao una kazi zaidi ya kupamba. Mistari miwili ya kwanza hujenga tarajio kwamba wa tatu utasifu. Hadhira imekwisha kuzoea mwendo, na lawama inapoingia katika umbo lilelile la sifa huwa vigumu kuikatiza. Takriri ya jina imekuwa mlango ambao sifa na lawama hupitia kwa zamu.

4.4 Mwitikio kama ushahidi

Sifo inayoghanwa na mtu mmoja humtegemea fanani kwa ukweli wake. Sifo inayoimbwa hutegemea waitikiaji. Tuseme kiitikio ni neno moja tu:

Kiongozi: Kisima cha Juu, asiyeuza maji.
Waitikiaji: Tumekunywa.
Kiongozi: Kisima cha Juu, kamba yake fupi kwa wageni.
Waitikiaji: Tumekunywa.

Katika jibu la kwanza, "tumekunywa" ni ushahidi wa ukarimu. Katika la pili neno lilelile limekuwa kejeli: tumemwonja, twamjua. Nafsi ya kwanza wingi ndiyo inayobeba uamuzi. Kiongozi hupendekeza sifa. Jamii huithibitisha, huigeuza au huinyamazia. Hivyo, pale ambapo hapakuwa na mfalme wa kumwidhinisha fanani, idhini ilitoka kwa waitikiaji. Kuandika kiitikio mara moja juu ya ukurasa na kuweka alama ya "rudia", kama ilivyo desturi ya wakusanyaji wengi, ni kufuta sehemu ya utungo ambamo maana hubadilika.

4.5 Vyeo na kuchanganya lugha

Mwimbaji wa ukanda huu ana hazina ya vyeo kutoka lugha kadhaa. Che ni cha heshima katika Kiyao; mwene ni mkuu kwa Wamakua na hueleweka kwa jirani zao; mwinyi na shehe vina harufu ya miji ya pwani; bwana ni cha Kiswahili cha jumla na, katika historia, ni cha mtawala mgeni. Kumwita mtu mmoja kwa vyeo viwili vya lugha mbalimbali ni kumwambia kwamba heshima yake imevuka mipaka ya kijiji. Kumwita bwana pale ambapo angestahili che kwaweza kuwa sifa, na kwaweza kuwa shutuma kwamba ameiga wageni. Uchaguzi wa lugha, kwa hiyo, ni sehemu ya mtindo, wala haupaswi kuchukuliwa kama dalili ya utungo kupoteza uasili wake.

4.6 Sifa isiyokuwa na maneno

Wamakonde wana pia midimu, ambayo ng'ambo ya Ruvuma huitwa mapiko: uchezaji wa vinyago vya kuvaliwa. Vinyago hivyo vimewahi kuchora sura za aina nyingi za watu, wakiwamo maofisa wa kikoloni. Israel (2014) ameonyesha jinsi sanaa hii ya upande wa Msumbiji ilivyokwenda na wakati, pamoja na nyimbo zake. Kwetu inatosha kusema kwamba kinyago, mdundo na wimbo husifu au hukejeli kwa pamoja, na kwamba matini ya maneno matupu ni ganda tu la tukio.

5.0 Barua ya Machemba

Mfano mmoja wa maandishi unaweza kutusaidia kuisikia sauti ya majigambo ya ukanda huu. Mwaka 1890 Machemba, kiongozi wa Kiyao aliyetawala sehemu ya nyanda za Wamakonde, alimjibu Hermann von Wissmann kwa barua ya Kiswahili baada ya kuitwa pwani kwenda kutii. Kwa muhtasari, alisema kwamba ameitafuta sababu ya kumtii asiione. Kwamba ikiwa ni urafiki yuko tayari. Kwamba yeye ni mtawala katika nchi yake na Wissmann ni mtawala katika yake. Kwamba wote wawili ni viumbe wa Mungu. Na kwamba kama Wissmann ana nguvu, basi na aje amchukue. Machemba aliendelea kuwasumbua Wajerumani hadi mwaka 1899 alipovuka kwenda upande wa Wareno.

Barua hiyo si ushairi, wala hatudai kwamba ni kivugo. Hata hivyo, mtindo wake ni wa mtu aliyelelewa katika utamaduni wa kujitambulisha hadharani. Hoja zimepangwa kwa usambamba: wewe kwako, mimi kwangu. Hali ya sharti imetumika kumpa mpinzani milango miwili, wa urafiki na wa vita, na kumwachia achague. Zaidi ya yote, Machemba hakujikweza juu ya mwenziwe, alijilinganisha naye. Jigambo la namna hii, la kudai usawa, lafaa kutiliwa maanani. Majigambo tuliyozoea kuyafundisha ni ya mtu anayejinyanyua juu ya wengine. Hapa twaona sifa ya mtu anayekataa kushushwa.

6.0 Sifa na Lawama

Vail na White (1991), wakichunguza mapokeo ya kusini mwa Afrika yakiwamo ya Msumbiji, walitoa hoja kwamba katika eneo hilo leseni ya kumkosoa mwenye nguvu haimo mikononi mwa mshairi. Imo katika utungo wenyewe. Neno ambalo lingemtia mtu mashakani likisemwa barazani huvumilika likiimbwa. Walitoa mfano wa wimbo wa bonde la chini la Zambezi, uliomlenga mwenye shamba la miwa aliyeitwa Paiva, ambao wafanyakazi na jamaa zao waliuimba kwa vizazi kadhaa.

Hoja hiyo inaangaza vizuri hali ya Mtwara. Pasipokuwa na mshairi wa ikulu anayelindwa na cheo chake, wimbo hauna budi kujilinda wenyewe. Jando na unyago hutoa ulinzi huo: ni nyakati ambapo kusema wazi kumeruhusiwa, ambapo somo na kungwi wana mamlaka, na ambapo aliyetajwa hana budi kucheka na wenzake. Sifa tupu, isiyokuwa na mstari wa kamba fupi, huweza hata kutiliwa shaka. Asiyeweza kukosolewa katika wimbo hajawa mtu mzima wa kusifiwa.

Hapa pana somo la kisiasa. Baada ya Uhuru ngoma za kusini, sindimba hasa, zilipanda katika majukwaa ya taifa na ya mapokezi ya viongozi. Katika majukwaa hayo wimbo wa sifa hupangwa mapema na huelekezwa juu. Fanani huwa na hofu ya aliyealika, na waitikiaji huwa wamefundishwa cha kuitikia. Sifa iliyobaki ni ya upande mmoja. Wanaolalamika kwamba ushairi wa sifa wa Kiafrika ni wa kujipendekeza wanauona ushairi huo katika hali hii iliyokatwa. Kasoro wanayoiona ni ya jukwaa, na haitoshi kuuhukumu utanzu.

7.0 Athari kwa Ukusanyaji na Ufundishaji

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, mkusanyaji aandike majina yote yanayotajwa katika wimbo, vyeo vyake na uhusiano wa ukoo, hata pale ambapo yanaonekana kuwa ya kupita tu. Pili, kila mwitikio uandikwe mahali pake pamoja na kicheko, kimya au mabadiliko ya mdundo, na matini ya lugha asili itangulie tafsiri. Tatu, katika kufundisha, sifo ielezwe kwa kazi na mbinu zake za lugha kabla ya kuelezwa kwa namna ya uwasilishaji, ili sifo zinazoimbwa zipate nafasi pembeni mwa zile zinazoghanwa.

Uharaka wa jambo hili hauhitaji kusisitizwa sana. Mwanafunzi atokaye Newala, Msimbati au Kitaya ambaye amesoma sifo kwa mifano ya Wazulu na Wahaya peke yake, aweza kumaliza shahada akiamini kwamba kwao hakuna ushairi wa namna hiyo. Imani hiyo ikiingia kichwani mwake hatamwuliza bibi yake, na bibi akifa hatakuwapo wa kuulizwa.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sifo za pwani ya Mtwara na bonde la chini la Ruvuma zinatumia mbinu zilezile zinazotambulikana kwingineko Afrika: lakabu, sitiari, urejeshi, usambamba na takriri. Upekee wake umo katika mamlaka yanayoziendesha. Nasaba ni ya mama, idhini ni ya waitikiaji, na lawama ni sehemu halali ya sifa. Utafiti wa uwandani katika Kimakonde, Kiyao na Kimakua, utakaofanywa na wenyeji wa lugha hizo, ndio utakaopima uzito wa hoja hizi. Wakati huohuo, taaluma yetu haina budi kuacha kuipa kila sifo inayoimbwa jina la shughuli yake na kusahau kwamba ndani yake kuna mtu aliyeitwa kwa jina lake, na watu waliojibu.